Zamu ya Mshonaji

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kicheko nacho ni hivyo hivyo, ila watu hawapendi kukubali. Kila mmoja anadhani kinachomchekesha yeye kinaichekesha dunia nzima, na asiyecheka ana ugonjwa. Hebu tumtazame fundi mmoja wa makochi, ambaye jina lake halisi lilitamkwa na mkewe tu, tena akikasirika. Kazini na mtaani walimwita Kioo, kwa sababu ukikaa karibu naye kwa muda, lazima utajiona.

Kioo alikuwa hodari wa kuiga watu. Sauti hakuzigusa, hizo aliwaachia kasuku. Yeye aliiga namna watu wanavyokaa. Usicheke kwanza. Hata wewe una namna yako ya kukaa, hujawahi kuiona, na siku ukionyeshwa utakana mbele ya mashahidi.

Karakana yao ilikuwa banda refu la mabati lenye milango miwili. Kwenye mlango wa nyuma Seremala alipasua mbao na kuunga fremu. Katikati Kioo alipigilia mikanda, akabandika sponji kwa gundi na kuvuta kitambaa mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Chini ya dirisha, penye mwanga, ilikaa cherehani. Mlango wa mbele ulikuwa himaya ya Dereva, aliyepakia makochi kwenye gari dogo la mizigo na kuyapeleka kwa wenyewe. Bosi hakuwa na upande. Bosi alipatikana popote pasipo na kazi.

Sasa, banda hilo lilikuwa na desturi ambayo sidhani kama utaikuta kwingine. Kochi likikamilika, kabla halijafungwa nailoni, lilivutwa katikati wakati wa chai ili lionjwe. Zamani kila mfanyakazi alilikalia kwa zamu, kuona kama linabeba watu wa kila aina. Lakini Seremala alikuja na vumbi lake la mbao, Dereva na grisi yake, na kuna kochi moja jeupe lililochafuka kabla halijaiona sebule. Bosi akapiga marufuku. Tangu hapo Kioo peke yake, akiwa amevaa suruali safi iliyotundikwa msumarini kwa kazi hiyo tu, ndiye aliyekalia kochi kwa niaba ya wote.

"Sasa anakaa Bosi," alitangaza. Akalizunguka kochi mara moja, akalipigapiga begani kama anampongeza mjukuu, kisha akashuka polepole kwa mguno mrefu, kipande cha mbao sikioni, akisema, "Niko kwenye kikao, nipigie baadaye." Halafu akakaa Seremala, maana yake hakukaa kabisa: aliinama akachungulia chini, akagonga mguu wa kochi, akaunusa, mwishowe akajiegesha kwenye mkono wa kochi kwa woga asije akaiumiza fremu yake. Dereva alitazama nyuma, kulia na kushoto, ndipo akaketi kinyumenyume, kiwiko kimoja nje kana kwamba kuna dirisha. Kochi likilalamika mahali, lilirudishwa likaongezwe mkanda. Ulikuwa mzaha, lakini ilikuwa kazi vilevile.

Walicheka kila mtu kwa ladha yake. Seremala alicheka kimya, mabega tu yakiruka. Dereva alipiga ukelele na kumpiga aliye karibu. Bosi alizicheka zamu za wenzake zote, na ilipofika yake akakumbuka kwamba kuna mtu wa kumpigia simu.

Nyumbani ndiko Kioo alikokwama. Mama Watoto, mkewe, alikuwa mwanamke mchangamfu, lakini kuiga hakukumgusa popote. Yeye kilichomvunja mbavu ni mtu mwenye uhakika wake kukosea: anayeusukuma kwa nguvu mlango ulioandikwa "vuta", anayeitafuta miwani iliyo usoni pake. Kioo akikaa kama Bosi pale jikoni, na kumaliza kwa mguno wote, mkewe alimtazama juu ya bakuli la vitunguu na kuuliza, "Haya, amekaa. Halafu?" Miaka na miaka alijaribu. Afadhali angeutekenya ukuta.

Usidhani Kioo aliiga ovyo. Marehemu mama yake alimkuta angali mdogo akimwigiza jirani mwenye kengeza. Hakumchapa. Alimkalisha akamwambia, "Mwanangu, usiige mtu alichopewa na Mungu. Iga alichojitengenezea mwenyewe." Basi kengeza, pua, kimo na kigugumizi vikawa haramu kwake, majivuno, ubahili na simu za uongo zikawa halali. Usia huo ulimlinda. Hakuna mtu aliyewahi kuondoka kwenye chai yao akiwa na donge kooni, na hilo Kioo alijivunia kuliko makochi yenyewe.

Ndipo akaja Mshonaji.

Alikuwa mama wa makamo, mwenye watoto waliokwisha kujitegemea, na mshono wake ulinyooka kuliko kuta za banda. Mguu wake mmoja haukukunjika goti tangu utotoni. Akitembea aliuzungusha kwa nje; akikaa ulinyooka mbele yake, na mwenye kutaka kupita alizunguka.

Kochi la kwanza baada ya kuja kwake lilipoonjwa, Mshonaji aligeuza kiti chake, akashika kikombe kwa mikono miwili, akasubiri. Akamwona Bosi akikaa, Seremala asiyekaa, Dereva aliyerudi nyuma. Alicheka kicheko kikubwa, cha mtu aliyekiweka akiba muda mrefu. Halafu Kioo akasema, "Limepita!" akaenda kuvua suruali safi. Kochi la pili likawa hivyo hivyo, na la tatu, na miezi ikapita. Kioo aliona anatenda wema. Mguu ule ulikuwa kazi ya Mungu, na yeye hakuwa na ugomvi na Mungu. Alijizoeza hata asiutazame. Akiongea na Mshonaji, macho aliyapachika kwenye paji lake la uso, na akipita penye cherehani alikagua mabati kama mtu anayetarajia mvua.

Dereva hakuachiwa usia wa namna hiyo na mama yake. Siku moja, akiwa na furaha zake, alimwita Mshonaji "Stendi", kwa kile chuma kinachoisimamisha baiskeli. Mshonaji akatoa pini mdomoni.

"Stendi ndiyo inayoizuia baiskeli isianguke, mdogo wangu," akasema. "Tena baiskeli yenyewe ni wewe, na breki huna."

Dereva alicheka mpaka akashika ukuta, na Mshonaji akacheka naye. Kioo peke yake alinuna, akapigilia misumari kwa nguvu isiyohitajika.

Lakini wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Siku chache baadaye alikuja mteja, mama mmoja wa heshima zake na mabinti wawili, kuchagua kitambaa. Dereva, kwa mazoea, akapaza sauti: "Stendi! Tuletee kile cha kijani!" Mabinti wakatazamana, wakautazama mguu, wakaziba midomo. Neno lilikuwa lile lile na mdomo ule ule, ila mara hii Mshonaji aliinuka tu. Alibeba jora la kitambaa, akatembea urefu wote wa banda mbele ya macho ya wageni, na hakumtazama mtu.

Wateja walipoondoka, Kioo alilipuka. "Huna haya wewe? Mtu kama huyu ni wa kutaniwa? Huyu ni wa kuhurumiwa! Angekuwa mama yako je?" Alisema mengi, kwa sauti kubwa, na kila neno lilimpendeza likitoka. Dereva akainamisha kichwa. Mshonaji akawasha cherehani, ikanguruma mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi Dereva alisimama mbele ya cherehani, kofia mkononi. "Dada, jana nilipitiliza."

"Ulipitiliza kweli," Mshonaji akasema. "Haya, piga rivasi. Tukiwa wenyewe niite utakavyo, na mimi nitakujibu. Mbele ya wageni, mimi ni fundi."

"Nimekuelewa, dada. Nisamehe."

Yakaisha. Wakati wa chai walikaa pamoja wakimsema Seremala, ambaye alikuwa akinusa mkate kabla ya kuula. Kioo alipojongea na kikombe chake, Mshonaji akasema ana kazi ya kumaliza, akampa kisogo. Ikawa hivyo siku hiyo, na siku zilizofuata.

Kioo hakuelewa. Aliyemtukana anakaribishwa chai, aliyemtetea anapewa kisogo! Asante ya punda ni mateke, akajisemea, na jioni akaenda kumlalamikia mkewe.

Mama Watoto alimsikiliza mpaka mwisho. "Huyo mama, umeshawahi kumkalia zamu yake?"

"Nimwigeje mtu wa vile?"

"Mimi sijui. Huko kuiga kwenu hata hakunichekeshi. Lakini ukigawa chakula ukamruka mtu mmoja, hata kama chakula chenyewe ni kibaya, umemtukana."

"Kwa hiyo chakula changu ni kibaya?"

"Umesema mwenyewe," mkewe akajibu, akaenda kuanua nguo.

Mwisho wa wiki Bosi alimvuta Kioo pembeni. "Mshonaji ameniaga. Mwezi huu ukiisha, anahamia karakana nyingine. Nimemuuliza kulikoni, anasema hapa hana raha na chai. Ni huyu Dereva, si ndiyo? Nimfukuze?"

Kioo alipiga hesabu haraka. Mshonaji kama yule hawakuwahi kuwa naye, na hakuwa na nia ya kumpoteza Dereva pia. Zaidi ya hayo, kulikuwa na lile la fahari yake: mtu anaondoka kwenye chai yao na donge kooni. "Ngoja kwanza, Bosi," akasema. "Niache niongee naye."

Alimkuta cherehanini. "Dada, habari nimezipata. Kama ni Dereva..."

Mshonaji aliinua kidole kimoja juu bila kumtazama, akaendelea na mshono mpaka mwisho wake, akakata uzi. Ndipo akageuka.

"Dereva tumeshamalizana. Ni wewe."

"Mimi? Mimi ndiye niliyekutetea!"

"Uliwatangazia kwamba mimi ni wa kuhurumiwa. Dereva aliniita stendi. Stendi angalau ina kazi yake. Miezi yote hii nageuza kiti, nashika kikombe, nasubiri zamu yangu. Bosi anakaa. Seremala anakaa. Huyo Dereva mwenyewe anakaa. Ikifika kwangu, kochi limepita! Kwani mimi si mtu wa hapa? Vitambaa vya makochi hayo anashona nani?"

"Dada, ilikuwa heshima. Mama yangu aliniusia..." Na Kioo akamsimulia: jirani, kengeza, alichopewa mtu na alichojitengenezea.

Mshonaji alisikiliza kwa makini. "Mama yako alikuwa mtu wa maana," akasema, na sauti yake ikalainika kidogo. "Usia mzuri sana. Sasa niambie, kaka yangu. Mimi sina nilichojitengenezea?"

Kioo akatafuta kichwani. Miezi yote hiyo walikuwa ndani ya banda moja, na kama angeambiwa afumbe macho amweleze mwanamke huyu, asingepata la kusema isipokuwa mguu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Alirudi kwenye sponji zake, na siku hiyo alijigonga kidole kwa nyundo mara mbili.

Kuanzia kesho yake Kioo alifanya kazi na macho yake yakiwa dirishani. Bosi alianza kumshuku mambo mengine kabisa. Lakini Kioo alikuwa akitazama, kama alivyopaswa kutazama tangu mwanzo, na aliyoyaona yalimfanya ajifiche mara kwa mara nyuma ya marundo ya sponji ili acheke. Kwanza, Mshonaji hakuanza kazi bila kuipiga cherehani makofi mawili ya kichwani na kuiambia, "Amka." Pili, kitambaa kikimteleza aligombana nacho: "Wewe! Adabu hizo umefundishwa na nani?" Pini zikimjaa mdomoni alitoa amri ambazo hakuna aliyezielewa, na wote walizitii. Halafu kile kidole! Akiwa katikati ya mshono, aje nani, aje Bosi na simu zake zote, alikutana na kidole, na alisimama hapo hapo mpaka uzi ukatwe. Na ukimsifia, Mshonaji hakusema asante. Alisema, "Najua." Mwanamke huyu alikuwa amejitengenezea ufalme mzima chini ya lile dirisha, na Kioo alikuwa akikagua mabati.

Siku za mwisho za mwezi walikamilisha kochi kubwa la kona, jekundu la kuiva. Likavutwa katikati. Chai ikamiminwa. Mshonaji alikaa penye cherehani yake, ubavu kwao. Safari hii hakugeuza kiti. Kioo akavaa suruali safi. Alikaa Bosi, hakukaa Seremala, akarudi nyuma Dereva. Kisha akasimama.

"Sasa," akasema, "anakaa Mshonaji."

Dereva aliweka kikombe chini. Bosi akatazama paa. Kule dirishani kiti kiligeuka polepole.

Kioo akalijia kochi na midomo imebana pini zisizokuwepo. Akaupiga mkono wa kochi makofi mawili. "Amka." Mtu mmoja akaguna kicheko. Kioo akainamia mto, akafumba jicho moja, akaufuata mshono kwa lile lililobaki, akakuta uzi umechomoza. "Wewe! Adabu hizo umefundishwa na nani?" Akaung'ata. Ndipo akaketi, mgongo wima kama mwenye mtaa, mguu mmoja ameunyoosha mbele mpaka njia yote ikafungwa, akaanza kushona hewa.

"Lakini kweli huyu..." Bosi akaanza, akicheka.

Bila kumtazama, Kioo akainua kidole kimoja.

Na Bosi akafunga mdomo, akasimama wima, akasubiri. Kwa mazoea! Banda lililipuka. Dereva alimpiga Seremala, na Seremala, aliyecheka kimya maisha yake yote, akatoa sauti nyembamba ambayo hata yeye ilimshtua. Kioo akamaliza mshono wake, akakata uzi.

"Umependeza, dada!" Dereva akapaza sauti.

"Najua," akajibu Kioo.

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mshonaji peke yake hakucheka. Aliweka kikombe, akainuka, akaja kwa mwendo wake ule mpaka mbele ya kochi, akasimama, akamtazama Kioo toka juu hadi chini. Kicheko kikafa kimoja kimoja.

"Umekosea," Mshonaji akasema.

"Nimekosea nini, dada?"

"Mguu. Wangu ni wa kushoto."

Kioo aliutazama mguu wake wa kulia, ulionyooka pale mbele kwa fahari. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, akautazama mguu wa Mshonaji, waziwazi, bila kukimbilia mabati. Ulikuwa wa kushoto. Kwa jinsi alivyoukwepa miezi yote hiyo, hakuwahi kujua ni upi.

"Mama yangu!" akasema.

"Si ni kioo!" Dereva akadakia. "Kioo lazima kigeuze!"

Hapo ndipo Mshonaji alipocheka. Alicheka akishika tumbo, akicheka machozi, akamsukuma Kioo begani. "Sogea huko. Kaa nikuonyeshe." Akaketi kwenye kochi jekundu na nguo zake za kazi, zenye nyuzi za kila rangi, marufuku au si marufuku, akaunyoosha wa kushoto. Kioo akabadilisha wake. Miguu miwili ikalala sambamba katikati ya banda.

Bosi alikohoa. "Sasa, dada, lile suala la mwisho wa mwezi..."

Mshonaji akainua kidole. Bosi akasubiri. Wote wakasubiri, mpaka alipoletewa kikombe chake na kukimaliza taratibu.

"Kochi hili linabana mgongoni," akasema. "Liongezeni sponji. Mwezi ujao nitaishona upya mito yake."

Jioni hiyo Kioo alimsimulia mkewe, pale jikoni, bila kutarajia lolote. Mama Watoto aliendelea kumenya vitunguu vyake, yakapita makofi mawili, ukapita uzi, kikapita kidole kilichomnyamazisha Bosi. Kioo alipofika penye "wangu ni wa kushoto", kisu kikasimama.

"Ulikosea mguu?"

"Nilikosea."

"Wewe? Kioo? Mbele ya watu wote, na suruali yako safi?"

"Na nilikuwa na uhakika kabisa."

Mama Watoto akaweka kisu. Kwanza mabega, kisha sauti, kisha akateleza kutoka kwenye kigoda mpaka sakafuni, maganda ya vitunguu mapajani, akicheka kama Kioo hakuwahi kumwona akicheka katika ndoa yao yote. Kila alipojaribu kusema neno, lilimshinda. Mwishowe akafuta machozi kwa kiwiko.

"Rudia," akasema. "Sitaki habari za huyo Bosi. Rudia pale ulipokosea."

Na Kioo akavuta kigoda, akaketi, akajiiga mwenyewe: mgongo wima, uso umejaa uhakika, na mguu wa kulia ameunyoosha mbele.